Baba, Njoo Uniozeshe Mwenyewe

Kwa baba yangu, uliye kwenye nchi ya theluji,

Asalaam aleikum. Sisi wa Kindu hatujambo, na habari kubwa umeshaisikia kwenye simu: Ramazani ameleta posa, mama amekubali, nami nilikubali kabla ya mama. Imamu aliuliza swali moja tu: "Baba yake iko wapi? Kama angali muzima, yeye ndiyo ataozesha." Baba mdogo Hamisi akajibu kwamba utampa kwa simu uwakala wa kuniozesha, shauri limekwisha. Kila mtu akarudi kwenye chai yake. Yangu ilipoa.

Nataka uje, baba. Nakuambia mapema usije ukadhani nakuandikia salamu tu.

Unakumbuka wakati wa vita, treni zilipokatika na chumvi ikaadimika mjini? Ulikuwa unasukuma baiskeli hadi Kampene na madumu ya mawese, unarudi na chumvi. Hata kabla ya kumsalimu mama, ulikuwa unaniita uani na kunilambisha punje chache kwenye kidole. "Lamba, mutoto wangu, usiambie mama yako," nawe unamwona mama amesimama mlangoni anatutazama. Sombe ya siku hizo, majani ya muhogo yenye chumvi, ilikuwa sikukuu.

Safari moja hukurudi. Watu wakaja na habari kwamba wote waliopita njia ile wameuawa. Tukangoja, tukachoka, tukakusomea hitima. Mama akakaa eda. Mimi niligawa wali kwa wageni, nikajivuna kwa kubebeshwa sinia kubwa. Kumbe ulikuwa umekimbilia kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, unasubiri kupelekwa nchi ambayo hata jina lake ulikuwa hujui kulitamka.

Ulipopiga simu mara ya kwanza, miaka baadaye, mama alikata. Alidhani ni matapeli. Ulipopiga tena ukamwita kwa lile jina lenu la chumbani, akakaa sakafuni. Tangu hapo tunakujua kwa simu: kiwanda cha nyama, theluji unayoizoa kwa koleo, nyumba uliyonunua, mke wa huko, na wadogo zangu wawili wanaonisalimia kwa Kifaransa. Sina kinyongo nao. Mtu hawezi kukaa kambini maisha yake yote akingoja vita viishe. Picha yenu iko sebuleni, na kila mgeni lazima aione. Lakini picha haimwozeshi mtu.

Mama anasema, "Acha baba yako, maisha ya kule iko ngumu." Wewe unasema kazi haikupi likizo. Mimi nadhani unaogopa kuingia nyumba iliyokwisha kukulilia. Usiogope, baba. Tulilia vibaya, lakini tulilia kwa mapenzi. Nimechoka kuwa yatima mwenye baba.

Ramazani nimeshamwambia nia yangu. Alikuna kichwa, akasema, "Tutamungojea muzee, tutafanya je?" Majirani watasema kwamba kwa umri huu nachezea bahati. Waache waseme, hawajawahi kukosa la kusema.

Ijumaa baada ya swala imamu atakupigia, baba mdogo akiwa kando yake. Atakuuliza kama unampa ndugu yako uwakala. Maadamu uko hai, bila neno lako hakuna wa kuniozesha Kindu nzima.

Sema hapana, baba. Kisha njoo.

Mwanao wa kwanza,
anayekungoja mtaani kwetu Kasuku, Kindu.