Rehani ya Pili

Hartlaw, Northumberland
Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 1211

Kwa binti yangu Idonea,

Salamu nyingi, mwanangu. Hujambo? Unakula? Kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima, ila bibi yako hatunaye tena. Tumemzika nje ya uzio wa kanisa, bila padri. Mfalme na Papa wa Roma bado hawapatani, makanisa ya Uingereza yote yamefungwa, na wafu wetu ndio wanaoteseka. Mdogo wako Hawisa alisoma sala, akaikosea, tukaitikia hivyo hivyo.

Watu wa mfalme walipokuchukua waliapa utakaa huko mwaka mmoja tu, rehani ya utii wangu. Mwaka umekwisha. Sijamwasi mfalme hata ndotoni. Vumilia, nitakufuata.

Baba yako,
Thurstan

---

Ngome ya mfalme, kusini
Baada ya Krismasi

Shikamoo, baba,

Pole kwa msiba. Mimi mzima, usihofu. Tunalala chumba kimoja, mabinti wa mabwana wa kaskazini. Mmoja wetu, Rohese, hayupo tena. Baba yake alikataa kuwafungulia lango watu wa mfalme, basi wakaja kumwondoa tukiwa tunakunywa uji. Alisema, "Msinimalizie, narudi sasa hivi." Nikamwuliza mlinzi amepelekwa wapi. Akacheka. "Kamwulize baba yake."

Baba, lolote wanalotaka, wape. Nakuomba.

Binti yako,
Idonea

---

Hartlaw
Kwaresima, 1212

Idonea wangu,

Salamu, mwanangu. Tu wazima wa mwili tu.

Nimewapa. Walitaka mnara wetu. Nimewakabidhi funguo kwa mkono wangu. Majirani wanaopanga kumwasi mfalme walinijia kabla. Mmoja wao, Gamel, akaniambia, "Thurstan, na wewe ni mwanamume? Unamfungulia mlango mtu aliyekwisha kumla mwanao?"

Nikamwambia, "Amemshika, hajamla."

Akatema mate, akaenda zake. Tangu siku hiyo hatusalimiwi na mtu. Tunalala kwenye zizi la kondoo.

Nikamwendea mkuu wa askari wa mfalme. "Nimetoa mlichotaka. Nirudishieni binti yangu." Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mfalme amefurahi, lakini mtu aliyenyang'anywa mnara ana sababu kubwa zaidi ya kuasi, kwa hiyo sasa inatakiwa rehani ya pili. Watakuja kumchukua Hawisa baada ya Pasaka.

Nikikataa, watakufanya kama Rohese. Nikimtoa, sitabaki na mtoto. Mwanangu, kichwa changu kimeishiwa. Niambie nifanye nini.

Baba yako,
Thurstan

---

Ngome ya mfalme
Wiki mbili kabla ya Pasaka

Shikamoo, baba,

Barua yako iliingia, na hii imetoka, ndani ya kapu la mama anayetufulia. Mlinzi hajaisoma, kwa hiyo leo nasema kweli.

Mimi si mzima. Natema damu. Rohese hawakumpeleka mbali. Alikuwa chini yetu. Tulimsikia akiomba mkate, kisha akawa anaita mama yake, kisha kimya. Sisi huku juu tuliendelea kula, baba. Mimi nilikula.

Usimtoe Hawisa. Ukimleta hawataniachia, tutakuwa wawili tu wa kuita. Mvushe mpaka, mkae Uskoti, kabla hawajafika. Watu wa huko wakikuuliza habari zangu, sema kikohozi kiliniua.

Umenikasirisha kwa kuniuliza. Wewe ndiye baba. Jambo hili ulipaswa kulibeba mwenyewe. Sasa nimelibeba mimi, na ukilipuuza sitakusamehe. Mfundishe Hawisa ile sala vizuri.

Usinijibu. Jibu lako wakilikamata, watajua mlipo.

Binti yako,
Idonea

---

Uskoti
Majira ya mavuno, 1212

Kwa binti yangu Idonea,

Salamu nyingi, mwanangu. Hujambo?

Tulivuka usiku wa Ijumaa Kuu. Hawisa mzima. Tunachunga kondoo wa watu. Amekua, anacheka kama wewe, na akicheka mimi hutoka nje.

Kila msafiri anayetoka kusini namwuliza habari za mabinti wa ngomeni. Wengi hupita zao. Jana mmoja aliniambia, "Mzee, mfalme ana mateka wengi. Nani anawajua majina?"

Nikamtajia lako. Akaniomba radhi, akaendelea kula.

Uliniambia nisijibu. Nimeweza hadi leo, siwezi zaidi. Sijaandika jina la kijiji tulipo; ukiwa na neno, mpe huyu aliyekuletea barua, atanipata. Neno lolote, mwanangu. Hata la kunitukana.

Baba yako,
Thurstan