Jina la Baba kwenye Diploma Yangu

Butembo, 14 Oktoba 2025

Mpendwa Baba Zacharie,

Pole na kazi za shamba. Mgongo umepoa? Na Mama Hadassa, kikohozi kimemwachia? Sisi wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Moyo ndio hautulii. Sikuthubutu kukupigia simu, maana ungesikia sauti yangu ukapanda gari kesho yake. Barua hii naipiga picha na kumtumia binti yako Julie akusomee.

Inspekta ametuita walimu tuliosomea Uganda tuonyeshe karatasi, ndipo tupewe kibali cha kufundisha. Aliweka cheti changu cha kuzaliwa kando ya diploma. Hapa baba ni Stanislas, pale baba ni Zacharie. Akauliza, “Mutu moja, baba mbili? Hii diplome ni ya nani?”

Siku ya kujiandikisha chuoni huko Kasese ulikuwa umesimama kando yangu, nikaandika jina lako bila kufikiri. Kwetu ndugu wa baba ni baba, nani angeandika vingine?

Sasa anataka ufike mwenyewe kabla mwezi haujaisha, la sivyo ataandika kwamba diploma ni ya wizi. Baba, usije. Barabara ya Kasindi hadi Beni unaijua, waasi huvizia magari. Mwezi uliopita jirani yetu Luc aliishika asubuhi, na mpaka leo mkewe anamwekea chakula. Mimi pikipiki ikisimama mlangoni, nadhani wameleta habari ya kifo.

Kumbe mzee Stanislas naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Jana alivaa koti lake la misa, akaenda ofisini bila kutuaga, akamwambia inspekta, “Huyu ni mutoto ya Zacharie. Miye nilimulea tu.” Akatia sahihi. Aliporudi alikula bila kunitazama.

Ijumaa nami naitwa kutia sahihi chini ya maneno hayo. Nikitia, nabaki na darasa langu la Musienene, nawe unabaki nyumbani. Ninaogopa, baba. Naogopa kazi kupotea, naogopa mzee kufungwa kwa uongo wake. Ila siwezi kuandika kwamba yeye si baba yangu. Nitasema ukweli, nimwombee mzee radhi. Wewe tuma barua tu, yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji chenu, ueleze desturi yetu. Isipotosha, nitalima viazi.

Msalimie Mama Hadassa, Julie na mdogo wake Sadrack. Mungu aifunike nyumba yenu, na miguu yako aizuie hapo hapo.

Mtoto wako akupendaye,

Eliane, binti wa Stanislas