Kinga ya Msumeno

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Shemeji aliniambia kidonda kimefunga, ila baridi ikizidi, vidole visivyopo tena ndivyo vinavyokuuma. Wanao waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Mimi ni mzima wa mwili, moyoni sina raha.

Unajua ubalozini walininyima viza ya ufundi. Walisema hakuna karatasi inayothibitisha miaka yangu ya kazi. Miaka sita tumechonga milango pale karakana, wewe ndiye uliyenishikisha randa, lakini tajiri alitulipa mkononi, bila mkataba wala hati. Nilipeleka picha za makabati niliyotengeneza. Wakanijibu kwamba picha haionyeshi nani kachonga. Nikapewa siku kumi na nne za kukata rufaa. Kufikia hapo tulikuwa tumeshauza hata kitanda ili kulipia safari. Mke wangu akawa ananitania kwamba ameolewa na seremala ili alale sakafuni, kisha anageukia ukutani nisimwone analia.

Siku ya kumi nilimwendea tajiri, yule yule aliyetufukuza sote wawili baada ya ajali yako. Aliniweka kwenye benchi kutwa nzima. Mafundi wapya walinipita kama hawanioni. Jioni akaniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua yenye mhuri, inayosema nimemfanyia kazi miaka sita na mashine zote nazijua. Kila neno la kweli. Ya pili ilikuwa maelezo ya shahidi, kwamba siku msumeno ulipokukata vidole kinga yake ilikuwepo, na wewe uliiondoa kwa mkono wako.

Nilimwambia ile kinga ilivunjika miezi mingi kabla, na yeye ndiye aliyesema kazi haiwezi kusimama kwa kipande cha bati. Hakubisha. Alisema tu, "Saini moja, uchukue moja," akanisogezea kalamu.

Kaka, nilisaini.

Rufaa imekubaliwa, viza ninayo. Na wewe, ulipopiga simu ukasema ofisi ya kazi imetupilia mbali madai yako ya fidia kwa sababu kuna shahidi aliyekugeuka, ukaniuliza ni nani kati ya wale mafundi anaweza kukufanyia hivyo, nilikujibu pole, sijui. Shahidi ni mimi.

Ndani ya bahasha hii nimeandika ukweli wote, nikaweka saini na dole gumba. Nilitaka kuupeleka mwenyewe ofisi ya kazi. Mara mbili nimefika mlangoni, mara mbili miguu imenirudisha. Ukiupeleka, tajiri ataikana barua yake, na viza itafutwa. Najua. Mke wangu bado hajui.

Ndege ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nakuomba usinihurumie ukangoja niondoke kwanza, maana nikishafika huko nitasema maelezo haya niliyaandika kwa uongo ili kukusaidia. Najijua sasa.

Nisalimie shemeji, ukiona anastahili kusikia salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako.