Springi za Paa la Gari la Babu

Nyandira, Mgeta
2 Juni 1976

Mjukuu wangu Fransisko,

Marahaba, ijapokuwa shikamoo yako sijaisikia tangu mahindi yakiwa machanga. U mzima? Huko kiwandani Mzinga unga mnapata? Mimi nipo, magoti yananisumbua, na ukungu haujatoka mlimani wiki hii. Barua hii ni ya mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima hakikunipita, basi usiseme nimeandikiwa.

Dereva wa lori la kabichi ameniletea salamu zako, kwamba springi za lile paa la gari umezipata Dar, na Jumapili unakuja nazo. Nimesikia.

Taabu ya paa lile unaijua. Tangu yule mwalimu Mzungu amwachie babu yako lile gari bovu la kulala, lenye paa la kuinuka na turubai pembeni, babu yako alilala humo, maana nyumbani moshi wa kuni ulimbana kifua. Paa likiinuliwa, hewa inapita kwenye turubai, anapumua. Likishuka, anakoroma kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Masika hii likagoma. Mimi kizee nalisukuma kwa mgongo, linapanda shubiri moja, nalitegemeza kwa mchi. Nikamwomba katibu wa kijiji wanaume wawili wa kuniinulia. Akasema nguvu kazi ni ya shamba la kijiji, si ya paa la kizungu. Nikamwambia kifua cha mume wangu Bartholomeo si cha kizungu. Akacheka.

Wewe ukatuma maneno kwamba springi zimechoka. Kuja kuliona hukuja. Mganga gani huyo asiyemtazama mgonjwa?

Basi Mwinjuma, fundi baiskeli, yule Mzigua mtani wetu, amelifungua. Springi nzima kabisa! Kwenye bawaba amekuta maharage. Babu yako kila mavuno aliyaanika juu ya paa, akidai bati la gari linashika jua kuliko mkeka. Yakadondokea ndani, mvua ikayavimbisha, mengine yameota mizizi. Mwinjuma akayakwangua kwa kisu, akapaka mafuta ya mbarika, akaliinua paa kwa mkono mmoja.

Sasa kaa chini, mume wangu mdogo. Alilifungua siku ya matanga. Babu yako alikufa Jumatatu ile ya mvua kubwa. Mchi uliteleza, paa likashuka, hewa ikakatika, nami nilikuwa shamba la kijiji, zamu yangu. Niliporudi alikuwa amekwisha kupoa.

Mtani kazi yake ni mzaha msibani, unajua. Mwinjuma aliliinua paa mbele ya watu wote, akamwita Bartholomeo mlafi aliyelima mpaka juu ya gari, akamwambia haya aamke, hewa yake hiyo imekuja. Watu wakacheka, ndiyo desturi. Nami nikacheka. Halafu nikaanguka chini, Cecilia shangazi yako akanishika.

Tulimtuma Tomasi, mtoto wa shangazi yako, akuite. Akakuta kufuli mlangoni. Majirani wakamwambia umekwenda Dar kutafuta springi. Tukazika bila wewe. Dereva sikumwambia kitu, msiba hautumwi kwa lori la kabichi. Ndiyo maana barua hii anakuletea Tomasi mwenyewe.

Shangazi yako anakusalimu, na wote wa hapa. Kula vizuri, jifunike, kifua ni cha ukoo.

Springi usizilete. Njoo mwenyewe. Paa nimeliacha juu.

Ni mimi bibi yako,
Veronika wa Bartholomeo