Kioo Kisicho na Damu

Moshi, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta umeketi mlangoni, na mdogo wangu Kabula ndiye anayekusomea. Kabula, soma polepole, usiruke kitu. Mama magoti yake vipi? Pamba mmemaliza kuvuna?

Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, na katika wodi ya macho sasa naachiwa kufunga bandeji bila kusimamiwa. Naipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia.

Jibu lako kuhusu kubadilishiwa kioo cha jicho kwa cha marehemu nililipata. Umesema: "Ng'wanone, mwanangu, jicho moja lanitosha kuchunga. Sitaki damu ya maiti nisiyemjua ukoo iingie kichwani mwangu." Nilimsomea daktari wetu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Mzee ameuliza jambo la maana. Mjibu vizuri." Nimeliwaza wiki nzima hadi nasahau kula, wenzangu wananiita Mama Jicho.

Baba, nyama ya mwili hulishwa na damu. Lakini kile kioo cha mbele ya jicho, ambacho jiwe lilikipiga ulipokuwa ukichimba almasi Maganzo kikabaki na ukungu, hakikuumbwa na mishipa ya damu. Kingekuwa nayo, tusingeona. Sukari yake huipata kwenye maji yaliyo nyuma yake, na pumzi huivuta hewani kupitia machozi, kope zikiwa wazi. Pazia la ndani linalopokea mwanga ndilo linalokula damu nyingi. Lako naamini ni zima, maana bado unautambua mwanga wa taa, na hakuna atakayeligusa. Tunabadilisha kioo tu. Marehemu hatakuachia damu yake, wala ukoo wake.

Siwezi kukuahidi kwamba utaona kama zamani. Wengine operesheni haikuwafaa. Lakini wengi niliowafungua bandeji walinitazama usoni.

Najua huamini usichokishika. Nami umenilea hivyo hivyo. Basi mnada ujao, wakichinja, omba jicho la ng'ombe pamoja na kope zake. Chana kope kwa kisu chako: utaona damu. Kisha toboa kioo: yatatoka maji matupu. Ukiona damu hapo, baki nyumbani, nami sitalitaja tena jambo hili. Usipoiona, panda treni, nitakupokea stesheni.

Msalimie Mama, shangazi mkamua maziwa, na babu mpiga kengele wa kanisani.

Kabula, nenda naye mnadani. Wewe shika jicho, yeye akate. Kisha uniandikie kilichotoka.

Binti yako,
Milembe