Masharubu Yangu na Utafiti wa Profesa

Jumatatu, 4 Machi
Nimepewa kazi mpya ofisini: kutenda! Profesa anachunguza krioli ya Bibi, mgeni wake mzee – lugha iliyozaliwa pale mababu zake walipokusanywa kazini, kila mmoja na lugha yake. Anataka kujua watu wa Bibi husemaje jambo likishatimia. Basi mimi natenda, Bibi anasema, kinasa sauti kinanasa. Leo ndizi. Nikila nusu, Bibi anasema hivi. Nikiimaliza, anasema vile. Profesa kila mara anaomba turudie. Tumbo langu!

Jumanne, 5 Machi
Nadhani nimeelewa. Neno lao la "kumaliza" lilichoka kutembea peke yake. Likakatwa mkia, likabebwa na kitendo. Kama sisi: amekwisha kula, ameshakula, kashakula. Nilimdokezea Profesa. Akasema karani mzuri husikiliza. Nikanywea.
Alhamisi nasimama mbele ya Mkurugenzi – nithibitishwe kazini au nifungashe virago. Ndiyo maana nimefuga masharubu. Bila hayo naonekana mwanafunzi aliyepotea njia.

Jumatano, 6 Machi
Kitendo cha leo: kunyoa masharubu yangu. Nikauliza kwa adabu kama tungeweza kufagia badala yake. Profesa akasema kufagia hakuishi, vumbi hurudi. Bibi akaniinua kidevu: "Tulia, mjukuu wangu. Nywele si meno."
Kinyozi aliyeitwa na Profesa akanyoa upande wa kushoto, akasimama. Bibi akatoa sentensi ya kazi isiyokwisha – safi kabisa. Mara umeme ukakatika. Kinasa sauti, kimya. Profesa akakataza upande wa kulia usiguswe! Kitendo kikitimia bila kunaswa, eti utafiti umekufa.
Nimefika nyumbani na leso mdomoni. Mama akauliza nimepigana na nani.

Alhamisi, 7 Machi
Umeme bado. Profesa kwenye simu: nivute subira. Niko benchi, nje ya mlango wa Mkurugenzi, najifanya naandika kumbukumbu. Bibi kaja kunitetea, Mungu ambariki.
Mkurugenzi katoka. Kanitazama kushoto. Kanitazama kulia. Mimi hajaniuliza kitu – kamgeukia Bibi:
"Bibi, huyu kijana akianza kazi, huimaliza?"
Bibi kanishika goti. Anafungua mdomo – na Profesa huyo, anakuja mbio koridoni, betri ya kinasa sauti mkononi, anamsihi asijibu kwanza