Bwana Maji ni Kiptoo

Kwako Baba Chebet,

Chamgei mzee wangu. Salamu zangu za kwanza ni za huo mgongo wako. Umepoa? Ulienda kukandwa na yule mama wa mafuta, ama bado unasema kesho, kesho, na huku unainua ndoo za maua kazini kama kijana? Watoto hawajambo? Jino la Chebet limeota? Mimi huku mwili ni mzima. Ni mwili tu ndio mzima, hayo mengine utayasoma.

Najua unajiuliza karatasi ni ya nini na Jumapili tuliongea. Simu sitaki. Kwa simu wewe huniambia, "Usijali, Mama Chebet," na mimi nikisikia hivyo naufunika uongo wangu tunaendelea na mambo mengine. Barua hii unaletewa na Mama Sharon, yule wa Bondeni niliyekwambia ni jirani yangu huku. Miaka yake miwili imeisha, anarudi. Tafadhali keti chini, na uisome peke yako kwanza kabla Chebet hajakunyang'anya, maana huyo siku hizi nasikia anasoma mpaka karatasi za kufungia mandazi.

Nilikwambia madam amenikatalia kurudi nyumbani mwezi wa nane. Si kweli. Madam aliniuliza, na mimi nikakubali kubaki.

Haya, nimeshaandika. Sifuti.

Ilikuwa hivi. Huku jangwani wakati wa joto, jua likichachamaa mpaka maji ya bomba unaweza kutengenezea chai, watu wenye uwezo hukimbilia milimani, kule kusini. Mwaka jana hatukuenda kwa sababu baba wa nyumba alikuwa anaugua. Mwaka huu madam akaniita jikoni nikichagua mchele. Akasema mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, naweza kwenda kwetu, ama niende nao milimani na watoto, halafu nirudi Kenya mwezi wa tisa. Akasema Faisal na Lulu wamenizoea. Kisha akasema, "Na mtoto wako si ni mkubwa? Atakungoja."

Hilo neno, Baba Chebet. Yule ajenti kule Nairobi alitufundisha sote tukiwa tumepanga foleni: ukiulizwa, sema watoto wako ni wakubwa, wako shule ya bweni, la sivyo hakuna nyumba itakuchukua, wataona utalia kila siku. Kwa hivyo siku ya kwanza nilipofika hapa nilisema kifungua mimba wangu anamaliza sekondari. Chebet, ambaye hata jino moja lilikuwa halijang'oka! Na huyo mwingine sikumtaja kabisa. Hilo sikuwahi kukwambia. Nilidhani ni neno dogo la siku moja, kumbe nimeishi nalo miaka miwili.

Usinitetee kwa kusema ni mambo ya mshahara. Hakuongeza hata kidogo. Alinionyesha picha tu kwenye simu yake, barabara imezama kwenye ukungu, mtoto amevaa sweta mpaka shingoni, pua nyekundu. Nikaona kwetu Molo. Nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwa mama, asubuhi, tukigombania mahali karibu na moto. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Nilitaka baridi, Baba Chebet. Kweli ndiyo hiyo na inaniaibisha. Mlikuwa mnaningoja watu watatu, na mimi nikawaza kuvaa sweta.

Halafu madam akaniachia mipango yote ya watoto. "Wewe unawajua, panga." Nikachukua kalamu, na sasa ngoja nikwambie dhambi yenyewe, maana hiyo ya kwanza ni utangulizi tu. Sikupanga kitu kipya. Nilichukua safari yetu ya kupanda mlima wa Longonot nikawapa.

Unakumbuka zile Jumapili tulikuwa tunapanga, simu mmeiegemeza kwenye sufuria? Tuanze nyasi zikiwa bado na umande, kabla jua halijapata nguvu. Viazi vitamu na mayai ya kuchemsha kwenye kikapu changu. Chebet awe karani, ahesabu watu kila tukipumzika asije akapotea mtu. Kiptoo awe bwana maji, abebe chupa, na hakuna kunywa bila ruhusa yake. Wewe umbebe Kiptoo akichoka, na bwana maji akibebwa chupa haimtoki mkononi. Na atakayeuliza "tumefika?" aimbe wimbo mzima. Hayo yote niliyaandika hapa, Baba Chebet. Lulu akawa karani, na hata kumi hajui kufika. Faisal akawa bwana maji. Nilimfundisha kulitamka jina hilo kwa Kiswahili na akalipenda. Hata adhabu ya wimbo niliwapa. Watoto wangu wanautazama ule mlima kila wanapotoka mlangoni, wanahesabu siku, na mimi safari yao nimeshaigawa.

Na viatu. Habari ya viatu umenificha, lakini njia ya mwongo ni fupi, hata mwongo mwenye huruma kama wewe.

Mwezi wa tano madam alinituma na dereva nikawanunulie watoto viatu vya mlima. Kwenye pochi yangu kulikuwa na zile karatasi za daftari la Chebet. Unakumbuka asubuhi niliyoondoka, gari likinipigia honi, niliwasimamisha mmoja mmoja juu ya karatasi nikachora miguu yao kwa biro. Kiptoo alisikia kutekenywa akacheka mpaka mstari wa kisigino ukaenda upogo. Karatasi hizo hazijawahi kutoka kwenye pochi. Basi nilipomaliza na Faisal na Lulu, nikasema na wangu pia wapate, tena vya dukani, si vya mtumba. Nikaiingiza karatasi ndani ya kiatu, ikakaa sawasawa. Nilivyoringa siku hiyo! Nikakutumia kwa yule msichana wa Gilgil aliyekuwa anarudi, na wewe ukaniambia, "Vimewatosha kabisa, kana kwamba uliwapima."

Mpaka Jumapili iliyopita Chebet alipokupokonya simu akasema, "Mama, viatu ni vizuri, baba alivikata mbele vidole vitoke." Ukaichukua simu haraka ukasema network ni mbaya. Network haikuwa mbaya. Nilisikia mpaka jogoo wa jirani.

Ulivikata na ile makasi yako ya maua? Nimekuona akilini ukikata, mtoto amekaa kwenye kiti, wewe unafikiria utaniambia nini. Mimi nimekudanganya ili nipate baridi yangu. Wewe umenidanganya ili nisione aibu. Uongo wa nyumba moja, lakini mmoja ni wa upendo na mwingine ni wa tumbo.

Hebu fikiria, miaka miwili! Niliwaacha mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka sita, ni wangu, niliwatoa tumboni, na nikasahau kwamba miguu inakua. Ya Faisal sijasahau. Nimembadilishia viatu mara nne. Mimi ndiye ninayebonyeza hapo mbele kwa kidole gumba kuona kama bado kuna nafasi.

Naendelea leo Jumatano. Jana niliachia hapo juu, Lulu alikuwa ameamka, na kumbe Mungu alikuwa hajamalizana na mimi.

Nilimkuta Faisal kwenye ngazi akifanya mazoezi ya mlima. Amebeba chupa ya maji mgongoni, anapanda, anashuka. Akanisimamisha kwa mkono kama askari. "Hakuna maji! Mimi bwana maji!" Siku nyingine ningecheka. Jana sijui nini kilinipanda. Nikamfokea kwa Kiswahili, kwa sauti hata mimi ilinishtua, "Bwana maji ni Kiptoo!"

Akanitazama. Akaniuliza, "Kiptoo ni nani?"

Mtoto huyu najua anaogopa nini, najua anapenda yai lake liive namna gani, na hajawahi kusikia jina la mtoto wangu. Basi akaenda kumuuliza mama yake.

Madam akaja. Sikungoja aulize. Nilienda nikachukua zile karatasi mbili, nikazitandika juu ya meza, pale kando ya sahani ya tende. Akauliza, "Za nani hizi?" Nikamwambia ni za watoto wangu. Huyu ana miaka minane. Huyu ana miaka sita, ndiye Kiptoo.

"Sita?" akasema. "Kama Faisal?"

"Kama Faisal."

Akamwita Faisal, akamvua ndara, akamsimamisha juu ya karatasi ya Kiptoo. Vidole vyote vitano vilipita mstari. Madam akaangalia mguu, akaangalia karatasi, akaniuliza huyu mtoto nimemwona lini mara ya mwisho. Nikasema huwa tunaonana kwa simu. Akasema, "Kwa simu wanakuonyesha uso." Basi hapo nililia, Baba Chebet, nililia mbele ya watoto wa watu mpaka Lulu naye akaanza.

Usifikiri alinikumbatia. Alikasirika. Aliniuliza miaka miwili nimelala nyumbani kwake, nimeshika watoto wake, na sikumwambia? Ni swali la haki. Leo asubuhi amesema nitaondoka siku ileile unayosema mkataba, tiketi itakatwa, na wa kwenda milimani atatafutwa mwingine. Hakusema kwa ubaya. Lakini chai amejimiminia mwenyewe, na hajawahi. Na Faisal hasemi na mimi. Ameirudisha ile chupa jikoni, ameiweka karibu na mguu wangu akaondoka. Kwa hivyo hata huyu nimemkosea. Nilimpa kitu ambacho hakikuwa changu kumpa, halafu nikamnyang'anya.

Basi ninarudi. Nitafika kabla shule hazijafungwa. Sijui kama unapaswa kufurahi. Mtu anayerudi si yule uliyemsindikiza, na umesoma mwenyewe sababu. Ukitaka kunigombeza, nigombeze nikifika, usinihurumie kama kawaida yako, huruma yako ndiyo inanimaliza. Na wale watoto wasiendelee kuambiwa mama alikatazwa. Niachie hilo. Nitawaambia mwenyewe kule Longonot, kwenye kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kwamba mama aliulizwa, akachagua vibaya. Chebet ataniuliza kwa nini. Huyo lazima aulize.

Nisalimie mama, kogo yao kule Molo, umwambie ile sweta aliyonifumia haijawahi kutoka kwenye sanduku na naileta ilivyo. Nisalimie ndugu yangu mwenye bodaboda, asianze kukubali wateja siku ya mlima, nitamhitaji yeye na pikipiki mpaka getini. Nisalimie jirani yetu wa mlango wa pili anayewasuka na kuwaogesha watoto ukichelewa kazini, umwambie khanga yake nimeipata, ya maua ya njano kama alivyotaka. Mwalimu wa Sunday school naye umwambie sala zake zimefika, ingawa zilipitia njia ya kona kona.

Jambo la mwisho. Usiwanunulie viatu vingine. Na usinitumie vipimo vya miguu yao, wala kamba uliyowapimia, wala picha. Vile ulivyokata waache wavae tu. Nikifika, kabla sijala, nitapiga magoti hapo mlangoni na biro na karatasi. Kiptoo akicheka nikimgusa kisigino, nitajua bado ananijua. Asipocheka, nitachora tu.

Ni mimi, niliyekudanganya na nisiyetaka kurudia,

Mama Chebet